Gari Lazima Lilale

Mume wangu ni fundi magari, na mdomo wake ni mzito kuliko jeki. Ukimsubiri akwambie anakupenda, utazeeka. Yeye akikukazia nati za baiskeli bila kuombwa, basi ujue umependwa. Karakana yake iko uani kwetu, ukuta mmoja na jiko langu, kwa hiyo nanusa petroli hata nikikaanga vitunguu.

Binti yetu, kitinda mimba, alihamia mji mwingine kikazi, hakuja kutuona mpaka siku gari lake lilipowasha taa ya injini. Baba yake anasema tangi la petroli hutoa mvuke, na mvuke huo una njia zake, mipira na vali, mpaka ukachomwe kwenye injini. Tundu la kupita sindano tu, taa inawaka. Gari linatembea vizuri kabisa, lakini taa haikuachi.

"Hili lazima lilale," baba yake akasema. "Kipimo cha uvujaji mdogo linajifanyia lenyewe likiwa limepoa, tena tangi lisijae wala lisikauke."

"Basi na mimi nalala," binti akasema, akavua viatu.

Jamani, nilifurahi mpaka nikaunguza mboga! Asubuhi alikaa juu ya tairi kuukuu akimtazama baba yake akisukuma moshi kwenye ile mipira kwa mashine, huku akimulika tochi. Moshi ukachomoza juu ya tangi, mwembamba kama uzi, pale mpira ulipopasuka chini ya klipu.

Binti alipokwenda kuoga, nikamfuata mume wangu. "Usiuzibe wote. Acha kidogo, taa ikiwaka atarudi."

"Mke wangu, una wazimu? Mtoto wangu aendeshe gari bovu?"

"Kwani litamuua? Si mvuke tu!"

Akajifanya hamnazo, akakata mpira mpya. Lakini kazi ndogo ile aliivuta mpaka chai yake ikapoa, nikajua naye roho inamuuma kama mimi. Ila fundi ni fundi. Akafunga, akapuliza moshi tena, haukutoka popote, na binti akaondoka.

Miezi ikapita. Gari lolote likikata kona, mume wangu anainua kichwa. Mimi namcheka, halafu nachungulia mwenyewe dirishani. Binti akipiga simu tunamuuliza gari linaendeleaje. Sisi ndivyo tunavyosalimia.

Jana akapiga, nikaweka spika tusikie wote. "Mwambie baba mikono yake ni dhahabu! Taa haijawaka tena!"

Baba yake akatabasamu, kisha tabasamu likamkauka usoni. Hapo uzalendo ukanishinda.

"Achana na taa!" nikafoka. "Hamu ya kukuona inatumaliza huku! Mpaka gari liumwe ndiyo utukumbuke?"

Nikasikia mikwaruzo simuni, nikadhani ni mtandao. Kumbe analia.

"Mama, kila nikipiga ni gari vipi, taa vipi. Hakuna hata siku moja mliyoniambia njoo."