Mgongo wa Mama Mkwe

Dishon wa Kisegi alikuwa mrefu hadi kuinama kukawa desturi yake: mlangoni aliinama, kanisani aliinama, na akisalimia wazee aliinama mara mbili. Mahali pekee aliposimama wima bila kuomba radhi palikuwa uwanja wa mpira wa kikapu.

Mchezo huo aliukuta chuo cha ualimu mwaka wa 1964, siku mwalimu Mokaya alipopigilia pete za pipa juu ya nguzo mbili na kumwambia arushe. Akarusha, ukaingia. Akarusha tena, ukaingia. Tangu hapo hakuachwa apumzike. Kwa miaka miwili sifa zake zilitembea kutoka Homa Bay hadi Muhuru Bay, na wavuvi ambao hawajauona mchezo wenyewe hata siku moja walibishana ni nani awezaye kumzuia.

Katikati ya sifa hizo akamposa Roseline, binti wa karibu na Rodi Kopany, na wajomba wakapeleka ng'ombe wa kwanza. Basi Mama Phelesia, mzazi wa Roseline, akawa maro wake, yaani mama mkwe. Kwa Wajaluo, maro hazoelewi. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Kumwonyesha mapaja ni kujitafutia chira, ule ugonjwa wa wavunja miiko unaomnyausha mtu hadi akaisha, na posa yenyewe huweza kuvunjika, ng'ombe wakarudi walikotoka.

Sasa fikiria kaptura za mpira wa kikapu.

Fainali dhidi ya chuo cha kutoka Migori ilichezwa mwaka wa 1966 hapo hapo Rodi Kopany, kando ya soko, tena siku ya soko. Aliyepanga hivyo bila shaka hakuwa na mama mkwe. Dishon alikwisha kufunga vikapu sita alipoinua macho akamwona Mama Phelesia anakuja na ungo wake wa njugu, anatafuta penye wateja, Roseline nyuma yake amebeba kigoda. Mama alikuwa bado hajamwona. Dishon akauachia mpira, akatoka mbio, akachutama nyuma ya wachezaji wa akiba, magoti yakimfika masikioni. Watu wa Migori wakashangilia, wakidhani ameumia.

Mokaya akamjia na hasira. Alipoambiwa sababu, hasira ikamwisha, kwa maana yeye alikuwa Mkisii, na Wakisii nao wana miiko yao ya ukweni, na heshima si utumwa. Akaenda naye nyuma ya duka. Waliporudi, mwalimu alikuwa amevaa kaptura iliyompita magoti, na Dishon amevaa suruali ya mwalimu iliyoishia katikati ya miguu, na koti juu.

Jua lilikuwa kali. Suruali ilimbana, koti likamfunga mabega. Alirusha mipira minne, yote ikapita kando, na Migori wakatangulia kwa pointi tisa. Watu walicheka hadi wakashikana. Dishon hakuwa na cha kucheka. Akivua, amempoteza Roseline. Asipovua, wenzake wamepoteza kombe kwa ajili yake. Aliogopa, tena sana.

Kicheko kikamfikia Mama Phelesia. Akauliza ni nani huyo anayechekwa, akaambiwa. Kisha akakichukua kigoda, akakigeuza, akaketi uso ukielekea soko la ng'ombe na mgongo ukielekea mechi nzima, akamtuma binti yake.

Roseline alisimama ukingoni mwa uwanja. "Mama anasema utoe hiyo longi," alimwambia. "Yeye hakukuja kuona. Amekuja kusikia."

Dishon akautazama mgongo ule, mpana, umetulia kabisa. Nusura alie kwa faraja. Akavua koti, akavua suruali, na kaptura ya mchezaji wa akiba ikamtosha. Hakuwahi kucheza vile. Kila mpira ulipoingia, Roseline alimwinamia mama yake sikioni, na mama akapiga kigelegele kuwaelekea ng'ombe, nao wakashtuka. Chuo kikashinda kwa pointi moja.

Mwaka uliofuata alipelekwa kufundisha Kisegi, na mpira wa kikapu ukaishia hapo. Shule ilikuwa na mawe, haikuwa na uwanja. Hakujuta. Alimwoa Roseline, na kila walipokwenda ukweni alikaa na wanaume upande wa pili wa ukuta, akimsikia Mama Phelesia akiwahadithia majirani mechi ile: jinsi Dishon alivyoruka, jinsi mpira wa mwisho ulivyoizunguka pete mara mbili ndipo ukaingia. Mama alisema alifunga pointi arobaini. Zilikuwa ishirini na sita. Dishon hakumsahihisha hata mara moja, kwa sababu kwa maoni yake hakuna mtu aliyeiangalia mechi ile vizuri kumshinda Mama Phelesia.