Kikombe Chini ya Mfereji

Saa nane mchana, Isaac Nyongesa anakula ugali huku sikio ameliegemeza ukutani. Nyuma ya ukuta kuna mfereji ameuacha wazi, na chini yake kikombe cha bati. Maji ya mgao yakija, tone la kwanza litagonga bati, ti! Hapo ataliacha tonge, akimbie kuwasha pampu kabla bomba halijakauka tena.

"Hayana siku wala saa," anasema keateka huyu, mtunzaji wa ploti ya kupangisha ya orofa nne hapa Kabiro, Kawangware. "Wakubwa wa maji hawatuambii kitu. Kwao yanatiririka tu. Nikikosa hilo tone, ploti nzima inalala na kiu, na matusi ni yangu."

Kazi humpa shilingi elfu tisa kwa mwezi na chumba kando ya tangi. Usingizi, ndio hivyo tena. Huko maofisini, nani amewahi kulala akisikiliza kikombe?

"Keateka!" Kasiva, mpangaji wa orofa ya tatu, anaita toka juu. "Hayo maji umeyaoa? Tutolee basi tuyaone!"

"Mama, ningekuwa nayo ningekuosha hata miguu!"

Kasiva anaangua kicheko. Nyongesa hacheki.

Mwaka jana mkewe, Nasike, alilazwa akiwa hoi. Nyongesa aliomba ruhusa kwa Antony, ajenti anayesimamia ploti. "Mzee, ngoja kwanza tangi lijae," akajibiwa. Tangi lilijaa. Nasike hakungoja.

Mwezi uliopita jamaa walikusanyika Sarang'ombe, Kibera, kwa Lenah, dada yake Nyongesa, kumwombea marehemu. Maombi yakaisha, chakula kikaletwa, na Valary, bintiye Nyongesa, akaanza kunawisha wageni. Birika likainama. Maji yakagonga karai.

Nyongesa aliruka, akapiga teke sufuria ya mchuzi, akatoka mbio kutafuta swichi ya pampu. Alikuwa ameshafika barabarani alipokumbuka kwamba hapo si Kawangware.

"Mzae amehepa kama ameona askari wa kanjo!" kijana mmoja akasema, nyumba ikavunjika mbavu.

Valary alikuwa amepiga magoti akipangusa mchuzi. "Baba," akasema bila kuinua macho, "hata siku ya mama umekuja na kazi?"

Swali hilo halijamtoka. Desemba familia inakwenda Bungoma kulijengea kaburi la Nasike, na Valary amemwambia wazi kuwa asipofika, asimpigie simu tena. Antony naye amesema aende tu, ila funguo aziache, maana wanaoitaka kazi hiyo wamejaa tele.

"Miaka yote hii nimewalindia maji," anasema Nyongesa, "na hawawezi kunipa siku mbili nimlilie mke wangu."

Januari atakula nini? Hajui. Lakini shauri ameshalikata.

"Funguo nitaziacha. Kule nyumbani tunachota kwenye chemchemi, mbali, huko bondeni. Nataka nikae karibu na Nasike, na mtoto wangu anione nimekaa. Halafu nilale mahali maji hayanitafu..."

Ti!

Ameshatoka. Tonge limebaki sahanini na alama za vidole vyake.

Anarudi polepole. Kikombe ni kikavu. Ni Kasiva huko juu, amegonga mwiko kwenye sufuria.

"Desemba," anasema Nyongesa, na sikio lake linarudi ukutani.