Mguu wa Fundi Cherehani

Ukuta unaotenganisha chumba changu na cha fundi cherehani umekuwa kimya. Miaka yote alishona akisikiliza kaseti za bendi moja ya roki, na mguu wake ulikanyaga pedali kwa kufuata ngoma zao. Aliogopa jambo moja tu: “Wasije wakafa kabla sijawaona.” Walipokuja hatimaye, wazee wenye mvi, nilimsindikiza uwanjani. Alivaa gauni alilojishonea, na pini moja aliisahau kwenye ukosi. Ulipoanza wimbo aliokuwa akiusubiri, mguu wake nao ukaanza kukanyaga nyasi. Lakini mpiga ngoma alikuwa amechoka, na ngoma zikabaki nyuma ya mguu. Vijana nyuma yetu wakaangua kicheko. “Babu, kanyaga mafuta!” Nikaona uso wa fundi umesinyaa. “Twende zetu, dada,” nikamwambia. Akanishika mkono. “Tulia, mdogo wangu. Wamezeeka kama mimi. Acha niwangoje.” Mguu ukapunguza mwendo, kidogo kidogo, mpaka ngoma zikaufikia, vikaenda pamoja hadi mwisho wa wimbo. Siku hizi anaishi kwa binti yake, katika nyumba isiyo na ngazi kama hizi zetu zilizomshinda.