Kaboni ya Betri ya Tochi

Asubuhi ile nilitoka Ganako na blanketi na bisibisi, bila kujua ninakwenda wapi. Shule niliiacha darasa la tano. Tangu hapo nilikuwa nafungua chochote chenye skrubu.

Karatu mjini nilimkuta bwana mifugo ameinamia gari lake kuukuu. Alikuwa akimrudisha mkewe kwenye kituo chake cha kazi, ng'ambo ya kreta, baada ya mama huyo kujifungua kwao. Kichanga kilikuwa na siku tisa. Likizo ilikuwa imekwisha, feni ya hita imekufa, na kule juu ukingoni baridi haina huruma.

"Wewe fundi?"

"Nimewahi kutengeneza redio, mzee."

"Redio haipulizi, kijana."

"Mwache ajaribu," mkewe alisema. "Hao mafundi wako wanasubiri spea tangu mwaka jana."

Nikaichomoa feni. Kaboni zinazopeleka umeme ndani ya mota zilikuwa zimelika zote. Nikapasua betri ya tochi iliyokwisha, nikatoa kijiti cheusi cha katikati, nikakikata na kukisugua kwenye jiwe mpaka vipande vikaenea mahali pa zile kaboni. Feni ikazunguka! Nilipewa nafasi nyuma ya gari, wala sikuulizwa niendako.

Sikujua kwamba kijiti kile ni laini. Tulipopita lango la hifadhi na kuanza kupanda msituni, feni ikakwaruza, ikatoa moshi mwembamba, ikanyamaza. Kioo kikajaa mvuke. Bwana mifugo alikisugua kwa kiazi kilichokatwa ili kisishike mvuke, bila mafanikio, kisha akaendesha kichwa kikiwa nje, kwenye ukungu. Niliifungua tena feni. Ndani mlikuwa na unga mweusi tu. Nikabaki nimeshika bisibisi.

"Bado analia?" bwana mifugo alimuuliza mkewe.

"Alikuwa analia. Sasa amenyamaza."

Nikatoa blanketi langu. Lilikuwa limelowa kwa ukungu.

Tulisimama kwenye boma la kwanza. Bibi mmoja wa Kimaasai alimpokea mtoto, akaingia naye ndani, akaketi katikati ya joto la ndama waliofungwa humo, mama mtu nyuma yake. Sisi wawili tulibaki mlangoni. Tulikaa muda mrefu. Kisha kikasikika kilio chembamba, cha hasira, na bwana mifugo akaketi palepale kwenye samadi.

Bibi alipotoka, akiwa ameshasimuliwa yote na mama mtu, aliitazama mikono yangu myeusi.

"Huyu ndiye fundi?"

"Ndiye."

"Basi alale na ndama. Lakini asifungue kitu."