Swali la Fundi Cherehani

Alizaliwa alfajiri ya Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, mtoto wa pili na wa mwisho, na siku hiyohiyo dada yake wa miaka minne akaanza kumwonea kijicho. Wageni walimpita dada mlangoni wakimkimbilia mtoto mchanga. Dada alisoma mpaka akawa mhadhiri wa ustawi wa jamii chuo kikuu; mdogo wake aliishia darasa la saba, akawa fundi cherehani. Hata hivyo mama yao alipougua, aliyeitwa ni fundi. Jambo hilo lilimuuma dada, naye mwenyewe ndiye aliyetusimulia.

Wito wa Mungu ulimjia fundi akiwa na miaka thelathini na mitano. Baada ya Misa lilisomwa tangazo: wanatakiwa raia wa kujitolea, wakague jinsi ofisi ya ustawi inavyowatunza watoto waliohamishiwa kwa walezi. Aliinua mkono tangazo halijaisha. Kamati ilikutana kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, meza moja na viti saba visivyofanana, na kwa kila faili fundi aliuliza, "Nani kamwona mtoto huyu kwa macho yake, na lini?"

Kisha chuo kikaingia ubia na kamati, na dada akatumwa kutengeneza fomu ya ukaguzi. Alitarajia angalau katika chumba hicho kimoja awe wa kwanza yeye. Wapi! Kila aliyeingia aliuliza, "Fundi kafika?" Basi dada akaandika maswali kumi na mawili, la mdogo wake akaliacha nje.

"Dada, swali langu silioni."

"Hayo ya kitaalamu, mdogo wangu. Niachie mimi."

Fundi akanyamaza kwa heshima ya mkubwa wake, na hilo ndilo lilikuwa jaribu lake. Mwezi wa tano likaja faili la binti wa miaka sita, fomu imejazwa vizuri, ametembelewa mara tatu. Wote walitia sahihi, fundi pia. Kesho yake kushona kulimshinda. Akafunga cherehani, akaenda kwa miguu hadi kwa mlezi. Kumbe ofisa alikuwa akipiga simu tu na kuandika "nimetembelea". Mtoto alikuwa stoo, amekonda, hawezi kusimama. Fundi alimbeba mgongoni hadi hospitali.

Kamati ilipoitwa, mwenyekiti aliuliza nani aliliondoa lile swali. Fundi akasema, "Mimi nilikubali. Andikeni jina langu." Dada akamtazama, akamwonea wivu hata kwa kubeba lawama. Ndipo akasimama. "Nililitoa mimi. Kwa wivu."

"Basi lirudishe, dada," fundi akajibu. "Kuna faili jingine linasubiri."

Madaktari walisema binti hatatembea. Fundi alisali, akamshonea gauni refu, akamwambia gauni hupimwa mtu akiwa amesimama. Wiki ya tisa binti alisimama kulipima. Hospitali husema ni lishe. Waumini wana lao.

Fundi alifariki kwa homa ya mapafu, ana miaka hamsini na minane. Binti yule alitembea mbele ya jeneza, na dada, kwa maneno yake, aliona wivu hata siku hiyo. Leo swali la fundi ndilo la kwanza kwenye fomu, na dada, mzee mwenye magoti mabovu, huenda mwenyewe nyumba kwa nyumba.

"Wewe ndiye dada yake fundi?" huulizwa mlangoni.

Jina hilo alilichukia maisha yake yote. "Ndiye mimi," hujibu. "Niitie mtoto nimwone."

Ndugu waamini, tumwige fundi. Na anayeona fundi yuko juu mno, aanze kwa kumwiga dada.