Donge Lililopumua

Nikisikia harufu ya hamira popote, namwona baba jikoni kwetu Sekei. Tangu kiwanda kilichomwajiri kifungwe, alikuwa haongei na mtu. Siku moja mama alikanda unga wa donati, akafunika beseni, akaenda bombani. Baba akafunua kitambaa. Donge lilikuwa limeumuka hadi ukingoni.

“Njoo uguse,” akaninong'oneza. “Linapumua.”

Niligusa, likabonyea, kisha likajaa tena polepole. Tulitazamana, tumeduwaa. Mama aliporudi alitukuta tumepiga magoti mbele ya beseni, akacheka mpaka akaweka ndoo chini.

Tulikaanga donati wote watatu, tukazichovya kwenye shira ya moto, zikang'aa. Baba alionja ya kwanza, akafumba macho, akamwambia mama, “Nifundishe.”