Shemeji Alivyonichagulia Pikipiki Yangu ya Kwanza

Wanaume walijaa majlisi yetu kule Ibra, Omani, wakamiminiwa kahawa, na hakuna hata mmoja aliyeinywa.

Kila mtu aliweka finjani yake chini mbele ya magoti, akakaa anaitazama inapoa.

Mimi nilikuwa mle mle ndani, juu ya godoro, mguu umetobolewa vyuma kama mshikaki.

Na aliyekuwa akimimina ile kahawa ni mtu niliyempenda kuliko ndugu zangu wa damu. Leo hata jina lake likitajwa natema mate. Nisikilizeni mpaka mwisho, halafu mniambie kama nina roho mbaya.

Ilikuwa 2003. Nimepata kazi Mudhaibi, na sisi tunakaa Ibra. Gari la nyumbani lilikuwa moja tu, la baba, na baba si mtu wa kuazimisha gari. Nikasema basi, bora ninunue pikipiki.

Nilikuwa sijawahi kumiliki pikipiki maishani. Nikajifunza, nikapata leseni, nikaanza kutafuta.

Nikaipata Nizwa. Ilikuwa ya mwalimu mmoja Msudani aliyekuwa akirudi kwao. Nyeusi, cc 250, imetunzwa mpaka unaona haya kuishika. Nikaikalia, miguu yote miwili ikafika chini. Nikazunguka nayo uwanjani, kila nikitaka kona inakwenda, kila nikishika breki inasimama.

Moyo ukaniambia hii hii, usiende kwengine.

Nikampigia simu shemeji Adil aje aione, maana kwenye ukoo wetu yeye ndiye mjuzi wa mambo ya injini.

Adil alimuoa dada yangu Ghalia. Kwao ni watu wa Ibra tangu mababu, hawakutoka Afrika kama sisi. Kiswahili alijifunzia nyumbani kwetu, na kama ada, alianzia kwenye matusi. Mcheshi, mkono mwepesi wa kutoa, anabusu kichwa cha mama yangu kila akiingia. Nani asimpende?

Akaja Nizwa na baba. Akaizunguka ile pikipiki mara moja tu, akaguna.

"Wallahi Thani, hii ya kupeleka mkate. Watu watacheka mimi."

"Shemeji, mie ndo kwanza naanza."

"Kuanza nini, ya akhi? Wewe mwanamume au vipi?"

Halafu akamgeukia baba, sauti ikabadilika, ikawa ya adabu. "Ami Nasr, iko moja Sur, ya rafiki yangu Mahrous. Cc sita mia, nyekundu. Nadhifu, kama ya dukani. Mimi najua hii pikipiki kama najua mke wangu."

Baba akatabasamu. Na hapa lazima niwaeleze kuhusu baba.

Baba kazaliwa Tabora. Alirudi Omani mtu mzima, na Kiarabu chake mpaka leo kina mchanga wa Tabora ndani yake. Watu wanamwita Mzanzibari, na Unguja mwenyewe alipita tu akisubiri meli. Siku Ghalia alipoolewa na watu wa Adil, baba alitembea mabega juu mwezi mzima. Tumekubaliwa! Basi neno la Adil kwake lilikuwa halina mpinzani.

"Msikilize shemeji yako," akaniambia. "Mwenyewe keshasema anaijua."

Tukaenda Sur.

Mahrous tulimkuta uani anakula tikiti, anatema mbegu karibu na viatu vyetu. Hakutukaribisha sana. Pikipiki ilisimama nyuma yake, nyekundu ya kuumiza macho. Nilipoikalia niligusa ardhi kwa ncha za vidole tu, nayo nzito, inataka kuniangukia.

"Mbona inanuka rangi?" nikauliza.

"Usafi huo," Adil akajibu. "Mahrous anapenda usafi."

Nikamuuliza Mahrous mwenyewe, "Imewahi kuanguka hii?"

Mahrous akamtazama Adil. Adil akacheka, akanipiga bega. "Ya akhi, unaposa mtoto wa watu? Panda, khalas!"

Baba akacheka na yeye. Ukishachekwa na wakubwa wawili, utauliza nini tena? Ile nyeusi ya Nizwa akaichukua mtu mwengine.

Niliipanda ile nyekundu wiki chache tu.

Siku hiyo natoka kazini, njia ya Mudhaibi, jua kali, barabara tupu. Nikasikia mlio wa chuma kukatika. Usukani nikabaki nao mikononi. Mwili wa pikipiki ukaenda zake, mimi nikaenda zangu.

Niliangukia kwenye miti ya samri. Nzi walifika kabla ya binadamu. Nakumbuka nilivyokuwa nikiwafukuza kwenye mguu wangu huku naona mfupa umetokeza, mweupe, na sikuamini kama ule ni wangu.

Hospitali nilikaa sana. Kidonda kikaoza. Ile harufu mpaka leo nikiikumbuka chakula hakipiti. Wauguzi walivaa barakoa, mama alikuwa akitoka nje kutapika, halafu anarudi anajifanya alikwenda kuongea na simu.

Mtu mmoja tu hakuziba pua. Adil.

Alikuja kila siku. Alinifuta jasho. Alininywesha supu kwa kijiko, anaipuliza kwanza kwa mdomo wake. Nilimwambia, "Shemeji, Mungu akulipe." Nililia mbele yake.

Polisi wakaikagua pikipiki. Wakasema shingo ya fremu, pale usukani unaposhikana na mwili wa pikipiki, ilishakatika zamani. Ikachomelewa hovyo, ikazibwa, ikapakwa rangi juu. Mtu alijua kabisa kwamba siku moja itaachia, akamuuzia mtu anayejifunza.

Mahrous akaitwa kituoni.

Madaktari walishaniambia nitachechemea maisha yangu yote. Nikabaki nataka kitu kimoja tu. Yule aliyejua asimame mbele ya hakimu, aseme kwa mdomo wake: nilijua. Basi. Nilikuwa nalala nalo, naamka nalo.

Ndipo siku moja baada ya sala ya alasiri wakaja wale wanaume. Mbele yao mzee Musallam, ami yake Adil, mtu ambaye watu huinuka akipita sokoni. Na kati yao kakaa Mahrous, kichwa chini.

Wakaniombea afya. Wakala haluwa yetu. Mahrous alikula kwa vidole vitatu, akavilamba, akavifuta kwenye mto wa mama. Nikajua wamekuja kumuombea huyu nimsamehe, kesi ife.

Adil akaleta dele la kahawa, akawamiminia. Wakaweka finjani chini.

Kwa wenyewe hawa, mgeni akiweka finjani chini ana ombi zito. Ukimwambia kunywa, umeshampa, hata kama hujajua anataka nini. Ndiyo maana wanaojua huuliza kwanza: ombi lenyewe lipi, na langu kulitoa au si langu?

Baba alisubiri miaka kuheshimiwa namna ile. Watu wazito wa Ibra, ndani ya majlisi yake, wanamuomba yeye! Macho yalimng'aa. Akanyoosha mkono, akasema kwa Kiarabu chake cha Tabora, "Kunyweni kahawa yenu. Mlilolijia mmelipata."

"Baba!" nikasema.

Wakanywa. Wote kwa pamoja, haraka, mtu asije akabadili neno.

Mzee Musallam akafuta masharubu. "Mungu auweke uso wako mweupe, Abu Thani. Ombi letu ni la mwanetu. Ni la Adil."



Nikamtazama Adil. Kasimama na dele mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia, anaangalia zulia.

Mzee akaeleza kila kitu taratibu, kama mtu anayesoma hutuba. Adil aliiazima pikipiki ya Mahrous. Akaibamiza kwenye mawe ya Wadi Bani Khalid, shingo ikakatika. Mahrous akataka chombo chake kizima au mnunuzi. Adil akaichomelea, akaipaka rangi, akatafuta mnunuzi asiyejua kitu.

Mnunuzi ni mimi.

Mahrous sasa hataki kubeba peke yake, kesho atamtaja. Kwa hiyo wazee wameona bora yaishe nyumbani, sisi ni watu wamoja, tumeoleana.

Mimi sikuwa nawaza kesi. Nilikuwa nawaza kile kijiko. Supu aliyoipuliza kwa mdomo wake ilipita kooni mwangu kila siku, nami nikamuombea dua. Nikageuka, nikatapika pembeni ya godoro, mbele ya wageni wote.

Hapo pazia likafunguka.

Ghalia alikuwa hajawahi kuingia majlisi wakiwamo wanaume. Siku ile aliingia. Kajifunika vizuri. Akaenda moja kwa moja kwa mumewe, akamnyang'anya dele.

"Shikamoo ami," akamwambia mzee Musallam. Mzee hakujua Kiswahili, lakini sauti ile aliielewa.

Halafu akamgeukia Adil.

"Ile rangi uliipakia nyumbani kwako, uani. Uliniambia unampambia ndugu yangu zawadi. Mie ndo nilokushikia kopo, Adil. Mie! Ukaniambia nipulize ikauke upesi, nikapuliza."

"Ghalia, isma'i..."

"Sisikii kitu."

Akaja akakaa kwenye godoro langu, akaanza kunifuta mdomo kwa ncha ya buibui lake. Hakurudi kwa mwanamume yule tena, si siku ile wala baadaye.

Mzee Musallam akainuka. "Abu Thani, umesema kunyweni, na tumekunywa. Kesho mwanao aende kituoni aiondoe kesi. Au neno la Mzanzibari ndiyo hivi?"

Hiyo ndiyo ilikuwa silaha yao. Walijua baba anauma wapi.

Wakatoka. Wengine waliomba haluwa iliyobaki wafungiwe, wallahi sisemi uongo.

Asubuhi baba aliingia chumbani kwangu kavaa kanzu ya kutokea na kilemba cha sikukuu. Akanibeba, mtu mzima mimi, akaniweka kwenye gari. Nikajua ananipeleka kusamehe, aokoe neno lake. Nilikuwa nishaanza kumchukia.

Tukafika kituoni. Akazima gari, akaacha mikono juu ya usukani.

"Kahawa niliwanywesha mimi," akasema. "Aibu yake niachie mimi. Mguu ni wako. Ingia, kaseme yote, usibakishe jina."

Nikasema. Adil akasimama mbele ya hakimu, akaulizwa, akaitikia: nilijua.

Baba alilipa kwa njia nyengine. Harusi za mtaani zikawa zinatupita. Sokoni watu walimsalimu kwa mbali. Alikufa akiitwa mtu ambaye kahawa yake haiaminiki, na hata siku moja hakunilaumu.

Adil yupo. Tunakutana mazikoni. Hujipitisha, ananukia udi, ananishika mkono na kutabasamu kama zamani. Nikitoka natafuta bomba, nanawa kwa sabuni.

Na vijana wanaponiuliza pikipiki ya kwanza wanunue ipi, mimi siulizi rangi wala ukubwa wa injini. Nauliza, nani kakuchagulia? Akinitajia mgeni, namwambia kuwa mwangalifu. Akinitajia mtu wake wa karibu, anayempenda, anayemchekesha, namwambia avue ile rangi mpaka aone chuma.